Kiapo Nilichokula Jumatano

Sifa mwanangu,

Ninakuandikia huku nakusikia ukikoroma upande wa pili wa pazia. Usibishe, unakoroma, na umerithi kwa baba yako bila kupunguza chochote.

Mambo ya sweta, ya kutomwachia mtu begi lako kituoni, ya kumsalimu Shangazi Riziki vizuri kabla hujamwomba neno la siri la intaneti, hayo nimeyasema mpaka umeanza kunijibu kabla sijamaliza. Sitayarudia. Kuna jambo moja sijakuambia. Tangu Jumatano nalijaribu, na kila nikifungua mdomo najikuta nakuuliza kama umekula.

Jumatano jioni niliapa kwamba sina mtoto.

Nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa Mama Deborah, kwa maana yule habari zake zitafika Cape Town kabla basi lako halijatoka mjini. Waliniita ofisini kwa Apotre, mtume wetu, pale chini karibu na ukumbi wa kanisa. Walikuwa wazee wanne, Mama Deborah kashika Biblia kwa mikono miwili kama sinia la chai. Apotre hakupandisha sauti. Unamjua, hapandishi sauti nje ya mimbari.

"Mama Sifa," akasema, "ule mutoto alikataa agano mbele ya watu wote. Hii nyumba ni ya watu wa agano. Weye ukitaka kubakia, uape mbele ya Mungu kama yeye hapana tena mutoto wako."

Nikamwuliza, "Na nikikataa?"

"Mama, miye ndiye niliapa juu yako kwa serikali. Unakumbuka? Mutu aliyeapa anaweza kurudisha kiapo chake."

Nikaweka mkono, nikasema maneno waliyonipa. Kutunga uzi kwenye sindano kunachukua muda mrefu kuliko vile.

Halafu Mama Deborah akataka kunishukuru. Akasema, "Aksanti, Mama..." akakwama hapo. Kwetu unajua ilivyo, mwanamke akishazaa jina lake linawekwa kabatini, anaitwa kwa mtoto wake. Miaka kumi na tisa katika mji huu hakuna aliyeniita vingine ila Mama Sifa. Yule mama hakujua jina langu, na wale wazee vilevile. Wakanitazama kama mtu aliyekuja kuuliza njia. Ikabidi nijitambulishe, "Estella." Nilisikia aibu ambayo sijawahi kuisikia tangu nizaliwe.

Jumapili natakiwa kurudia kiapo hicho mbele ya kanisa zima, kwenye kipaza sauti. Wewe utakuwa umeshafika kwa shangazi yako, na mimi hapa Durban nitakuwa ninakukana kwa mara ya pili, maana mara moja haikuwatosha.

Sikuandikii ili unihurumie. Ukinihurumia nitajua hata kwa mbali, na nitakasirika. Ninaandika ujue nilifikaje pale, kwa sababu sikuanguka siku moja. Nilishuka ngazi moja moja, na kila ngazi nilijiambia bado niko juu.

Sisi ni Marafiki, hao ambao watu wengine huwaita Quaker. Hilo umelijua juzi tu, tena kwa kuchimba mwenyewe kwenye simu na kumhoji Riziki, si kwa mama yako. Huko kwetu karibu na ziwa tulikuwa na kanisa la matofali ambalo babu yako alilijenga, alikuwa mwashi. Usidhani tulikuwa watu wa huzuni. Tuliimba, na ngoma tulikuwa nazo. Lakini kabla ya kuimba tulinyamaza, wote, hata watoto, mpaka mtu apate neno la kusema, na asipopata tuliendelea hivyohivyo bila neno. Hatukushika silaha. Na hatukuapa. Babu yako alikuwa akisema mtu anayeapa leo anakiri kwamba jana alikuwa akiongea bila uhakika. Kwake ndiyo ilikuwa ndiyo, hapana ilikuwa hapana, na ukimwuliza mara mbili anaondoka.

Msimamo ule ulikuwa na bei yake, na si yeye aliyeilipa kila mara. Jirani yetu alikuwa na kesi ya shamba na Babu alikuwa shahidi wake wa pekee. Barazani wakamwambia aape, akakataa, wakamtoa nje. Jirani akakosa shamba. Mke wake hakutusalimu tena mpaka nilipoolewa. Nilikuwa msichana mdogo, nikawa nambebea Babu swali hilo moyoni: je, Mungu alikuwa anamwangalia yeye tu, au na yule mama pia? Sikuwahi kumwuliza. Nikuambie, mimi ni hodari sana wa kutouliza.

Sasa baba yako. Kisa chake unakijua, nilikusimulia ulipokuwa na miaka kumi na nne, tumekaa pale ufukweni tunakula mahindi. Nilikuambia watu wenye bunduki walikusanya vijana kwenye uwanja wa shule, kila mmoja aape juu ya panga kisha apewe bunduki. Nilikuambia baba yako alikataa. Ulinisikiliza mpaka hindi lako likapoa. Lakini kuna kipande nilikikata, kama tunavyokata pindo lililochakaa tusionyeshe mwenye nguo.

Walimpa mpaka asubuhi afikirie, kwa sababu alikuwa fundi wa redio na walimhitaji. Akarudi nyumbani. Nilikuwa na wewe tumboni, miezi minne. Nikapiga magoti mbele yake, mimi binti wa yule mwashi, nikamwambia, "Apa tu. Ile ni maneno tu, mudomo haiumi. Utaapa, kisha tutatoroka."

Hakunikemea. Akaniambia, "Estella, nikiapa, ni nani atakayetoroka na weye?"

Asubuhi alikwenda mwenyewe kuwaambia hapana, asije mtu kumfuata nyumbani na kunikuta. Hakurudi. Na mimi nilimkasirikia, Sifa. Nilimkasirikia Tanzania yote, Malawi yote, Msumbiji yote, juu ya malori niliyokimbilia kuja huku, nikitapika kwa ajili yako. Nilikuwa nikisema moyoni, umeiokoa roho yako na umeniachia mimi mwili wa kubeba. Hasira hiyo ilinichukua miaka mingi kuishusha. Nikikusimulia kisa chake kama cha shujaa nilikuwa nasema kweli, lakini si kweli yote.

Ulipokuwa na miezi minane, nimekubeba mgongoni pale soko la Warwick, mtu alichana mfuko wangu kwa wembe akachukua kila kitu, na karatasi yangu ya ukimbizi. Ili nipewe nyingine ilibidi kituo cha polisi waniandikie hati ya kiapo, ile wanayoiita afidaviti. Kijana wa polisi aliandika vizuri tu, kisha akasema niinue mkono wa kulia nimwite Mungu anisaidie. Sikuinua. Akangoja. Nikanyamaza. Akasema, "Eish, mama, mtu asiyetaka kuapa ana kitu anaficha." Nikaendelea kunyamaza. Akaichana ile karatasi, akamwita mtu mwingine.

Nilitoka pale nimevimba kichwa. Niseme ukweli, nilijiona niko sawa na baba yako. Nilivuka barabara taa za robot zikiwa nyekundu, teksi zinanipigia honi, na mimi natembea kama askofu.

Miaka kumi na moja baadaye nilimsimulia MaDlamini, yule mama wa dawa za mizizi aliye jirani na mashine yangu ya kushonea. Alinitazama kwa huruma ya mtu anayemtazama mbuzi aliyejifunga kamba mwenyewe. Akaniambia, ungemwambia tu kwamba dini yako haikuruhusu kuapa. Ana neno jingine la kuandika, kwamba unathibitisha. Anakata mstari mmoja, anaandika mwingine, mnamaliza. Sheria ipo siku zote, mjomba wake mwenyewe alifanya hivyo. "Kwani wewe ulimwambia nini?" akaniuliza. Nikamwambia sikusema kitu. Alicheka mpaka akashika ubavu, nami nikacheka naye, kisha nikaenda chooni nikalia.

Kule kwetu tulinyamaza ili tumsikie Mungu. Yule kijana hakuwa Mungu, alihitaji kuambiwa. Niliogopa Kiingereza changu, niliogopa sare yake, nikaichukua hofu yangu nikaipa jina la imani. Wewe angalia sana hapo. Ukinyamaza, jiulize kama unasikiliza au umejificha. Mimi nilichanganya vitu hivyo viwili kwa karibu miaka ishirini.

Bila karatasi niliogopa hata kwenda kununua mkate. Hapo ndipo Apotre alipoingia, na wakati ule hakuwa Apotre, alikuwa Pasta tu mwenye watu thelathini na spika moja mbovu. Alikuwa mtu mwema. Nasema hivyo bila kejeli, na ukiwa huko usije ukamsema vibaya mbele ya watu. Alinisikia nalia kwenye ngazi, akanipeleka kituo kingine cha polisi, akainua mkono wake mwenyewe akaapa kwamba ananijua, kwamba mimi ni mtu wa kanisa lake na niko chini yake. Karatasi ikatoka. Mimi nilisimama kando na mikono yangu safi.

Hilo ndilo kosa langu kubwa, kuliko la Jumatano. Nilikataa kuapa kwa mdomo wangu, nikakubali kuishi ndani ya kiapo cha mtu mwingine. Nilijiona mjanja. Baada ya hapo akanipa chumba hiki hapa mtaa wa Point, kwa sababu niko chini yake. Akanipa mashine ya kanisa nishone sare za kwaya, kwa sababu niko chini yake. Kila mara karatasi inapoisha muda, barua yake ndiyo inayotangulia. Sijawahi kusema ndiyo hata mara moja, na siku zote nilikuwa nimeshakubali.

Nchi hii kila mtu anaabudu apendavyo. MaDlamini ananiambia hata ukiabudu mchicha hakuna atakayekufunga, na ni kweli. Hakuna polisi aliyenikataza kuwa Rafiki. Nilikatazwa na chumba, na mashine, na barua moja. Nilipofikiria kuhama niliuliza moyo wangu, utakwenda wapi na mtoto? Moyo wangu, kama mwenyewe, haukujibu.

Agano lilipoanza, la kila mtu kuweka mkono kwenye Biblia na kuapa kumtii Apotre mpaka kufa, niligundua njia yangu. Siku za agano sare zilikuwa zinanyooshwa chumba cha nyuma. Nani anyooshe kama si fundi? Nikashika pasi. Kila mwaka, jina langu likikaribia kuitwa, kuna kola imekunjamana. Wote wakadhani nimeshaapa, nami nikawaacha wadhani. Babu yako angeniona pale, na pini mdomoni, nimejificha nyuma ya majoho ya watu wanaoapa, sijui angesema nini. Nadhani angeondoka.

Kitu kimoja nilikilinda. Alhamisi mchana, wateja wakipungua, nilikuwa nasimamisha mashine, naweka mikono mapajani, nanyamaza robo saa. Ulikuwa ukitoka shule unakaa nami juu ya marobota ya vitambaa. Siku moja, ulikuwa na miaka saba, ukaniuliza, "Mama, uko nafanya nini?" Nikakujibu, "Niko napumzisha mashine." Binti wa mwashi, mke wa baba yako, nikamdanganya mtoto wa miaka saba kuhusu sala. Ukasema, "Basi na miye niipumzishe." Ukakaa kimya nami, miguu haifiki chini. Tuliipumzisha mashine ile miaka na miaka. Nilidhani nimekuficha kila kitu.

Ndiyo sababu Jumapili ile ya wiki tatu zilizopita nilishtuka kuliko wote. Walikuita kwenye agano. Ulikuwa umevaa sare nyeupe niliyokushonea mwenyewe, na mimi nilikuwa mlangoni na pasi yangu. Mama Deborah akakuletea Biblia. Ukasimama, ukanyamaza. Nikajua kabla ya mtu yeyote. Nilikijua kimya kile, nilikuwa nimekaa nacho kila Alhamisi.

"Weka mukono, mutoto," Mama Deborah akakuambia.

"Siwezi kuapa, Mama. Mukiniuliza kitu nitasema ndiyo ama hapana. Basi."

"Juu ya nini? Nani alikufundisha hivyo?"

Na wewe hukunitazama. Ungeweza kugeuza shingo tu, kila mtu angefuata macho yako mpaka mlangoni. Hukugeuka. Ukasema, "Hakuna mutu."

Nimefikiria sana neno lako hilo. Sijui kama ulinilinda au ulisema ukweli mtupu. Vyote viwili vinaniuma, na sitakuuliza ni kipi.

Na mama yako alifanya nini? Nilikupandisha huku juu nikafunga mlango, nikakuambia kwa sauti ambayo najua majirani waliisikia, "Ile ni maneno tu. Mudomo haiumi. Utaapa Jumapili ijayo, kisha tutaona." Ukaniuliza, "Baba alikufa juu ya maneno tu?" Nikakupiga kofi. Ulidhani nimekupiga kwa ajili ya jeuri. Hapana, mwanangu. Nilikuwa nimejisikia nikiongea. Yalikuwa ni maneno yaleyale niliyomwambia yeye kwa magoti, neno kwa neno, na nilikuwa nimengoja miaka kumi na tisa nikamwambie mtoto wake. Nisamehe kofi lile. La Jumatano ni jambo jingine, lakini kofi naomba unisamehe.

Sina busara ya kukufungia kwenye begi. Ninajua tu kwamba Cape Town nayo itakuwa na watu wema watakaokupa chumba, na wema wao utakuwa wa kweli, na ndani yake huenda kukawa na kamba. Usiukatae wema kwa kuogopa kamba, utakufa kwa baridi. Lakini wakati bado mnacheka pamoja, uliza: nikikaa hapa, ninakuwa nani? Uliza kwa sauti. Ukiona haya, mkumbuke mama yako anavyovuka barabara kama askofu. Na wale Marafiki uliowapata kwenye simu, wanaokutana kwenye nyumba ya mtu, nenda ukawaone kwanza. Huenda ni watu wazuri, huenda ni wachoshi. Si lazima uwe Rafiki kwa sababu ya babu. Nimeona mtu akifungwa na imani isiyo yake, sitaki nikufunge na iliyo yangu.

Nilipoanza barua hii nilitaka kuichomeka chini ya nguo zako uikute ukiwa mbali. Tulipanga uondoke saa kumi na moja alfajiri kwa ngazi ya nyuma, ile ya mapipa ya takataka, watu wakiwa bado kwenye maombi, nami nibaki chumbani nisionekane nawe. Mpango ule ni wangu. Wewe ulikubali mara moja, hukuuliza kitu, ukaniambia, "Hapana shida, Mama." Kukubali kwako kwa urahisi ndiko kulikoninyima usingizi. Mtoto anakubali kutolewa kama taka, kwa sababu ameona mama yake amebanwa.

Basi linaondoka saa tatu. Hakuna haja ya kutoka na giza. Kwa hiyo barua hii nitaiweka juu ya viatu vyako, uisome asubuhi kabla hatujashuka, ili usishangae. Tutashuka saa moja, kwa ngazi ya mbele, wakati wanatoka kwenye maombi. Begi kubwa nitalibeba mimi. Usinyang'anyane nami.

Naogopa, Sifa. Sitaki ufikiri nimekuwa jasiri kwa kalamu. Jumatatu huenda mashine haiko, na chumba hakiko. Nitakwenda kwa MaDlamini kumwuliza kama kuna kona kwake, na nitakwenda kwa watu wa karatasi kuwaeleza mwenyewe, kwa Kiingereza changu kilichovunjika, kwamba mtu aliyeapa kwa ajili yangu amechoka, na kwamba mimi siapi ila nitasema kweli. Wanaweza kunifukuza. Sijui. Nimekaa hapa naangalia kuta hizi nne, na kwa mara ya kwanza naziona ni kuta tu, lakini bado ni nne na mimi bado nimo ndani.

Mama Deborah atakuwa amesimama mlangoni kama kawaida yake. Atanitazama, atatazama begi, ataniuliza mbele ya watu wote huyu ninayemsindikiza ni nani, ili nijibu mwenyewe. Nitaliweka begi chini. Sitainua mkono. Nitamwambia huyu ni mwanangu, na Jumatano nilidanganya.

Mama yako